Mbao Kumi na Moja za Jicho

Zamani mtu aliyetaka rangi ya ukuta alikuja dukani na kigae cha sahani pamoja na hadithi ya aliyeivunja; siku hizi anakuja na namba kwenye simu, haamkii wala haketi, na akishaondoka hakuna anayekumbuka kama alikuja.

Jicho alikuwa muuza rangi wa zama zile za kwanza. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mkewe na ofisi ya ardhi. Wengine wote walimwita Jicho, na hakuna aliyekuwa akimtania, kwa sababu lilikuwa jina la kazi. Ungemletea kipande cha kitambaa, jani, ganda la yai, chochote. Angekishika karibu na dirisha, akigeuze mara mbili, akurudishie mkononi kana kwamba hana haja nacho tena. Kisha angefungua debe la nyeupe na kuanza kutonesha: tone la nyeusi, mawili ya njano ya udongo, na nukta ya nyekundu ambayo mtu mwingine angeapa kwamba haina kazi pale. Alikoroga kwa kijiti, akapaka kidogo juu ya ubao, akasubiri ikauke, maana rangi mbichi ni mwongo. Ikishakauka alikiweka kitu chako juu ya baka lile, nawe ukatafuta kilipo usikione.

Ubao huo uliitwa ubao wa kujaribia. Kila duka la rangi lilikuwa na mbao za namna hiyo, kila moja imejaa mabaka juu ya mabaka, na hakuna aliyezihesabu kuwa kitu. Zikishajaa zilizibia tundu la banda la kuku, au zilitandikwa chini ya kabati lisipate unyevu. Mtu akiuona ubao wenye rangi ovyo hakuuliza mara mbili.

Kwa kazi hiyo Jicho alijenga nyumba, akasomesha watoto wanne, akatoka chumba kimoja cha duka mpaka maduka matatu na ghala. Shule nyingi za mji ule zilipakwa rangi yake, na posta, na wodi ya wazazi. Alikuwa mfanyabiashara kamili, mtu wa kufungua saa moja kasoro robo na kugombana na madereva wa malori. Kama ungemwambia enzi hizo kwamba atakuja kupaka rangi ambayo haiko ukutani wala haiuzwi, angekuuliza umekula nini asubuhi.

Halafu ikaja ile mashine. Duka kubwa lilifunguliwa barabara ya juu, lenye milango inayojifungua yenyewe na vijana waliovaa fulana za aina moja, na katikati wamesimika mashine ya kuchanganyia. Unataja namba, inatema. Hata kukoroga inakoroga yenyewe, inalitikisa kopo kama mtoto mwenye homa. Haijawahi kuuliza chumba ni cha nani. Watu wakasema ni maendeleo, na watu wakishasema hivyo jambo huwa limekwisha.

Lakini si mashine peke yake. Wateja wa Jicho nao walianza kurudisha makopo. "Mzee, nilikuomba rangi ya maziwa, mbona ukuta unaelekea samawati?" Jicho alilaumu viwanda, akalaumu taa hizi mpya, akalaumu macho ya watu wa siku hizi ambayo yamelelewa na vioo vya simu. Duka la kwanza likafungwa, la pili likafungwa. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima na akipenda mambo yaliyonyooka, alimshauri ampangishe lile la tatu muuza makava ya simu. Jicho akabaki na ghala la nyuma tu, madebe yaliyokwisha nusu, na masalio ya mbao nyembamba za dari, hadibodi zile za futi nne kwa nane, ambazo hakuna aliyezitaka tena tangu watu wapende jipsamu.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Asubuhi moja aliingia ghalani apange madebe, aone yapi yamekufa na yapi yangali hai. Alitoboa utando wa debe la kwanza, akakoroga, akapaka kidogo kwenye hadibodi. Akafungua la pili, akapaka pembeni ya lile baka. Yale mawili yakatazamana. Jicho aliyaangalia kwa muda, akaongeza la tatu, si kwa sababu alihitaji kulijaribu bali kwa sababu yale mawili yalikuwa yakiliita. Alipotoka nje adhuhuri ilikuwa imepita na mkewe alikuwa ameshapiga simu mara tano.

Kuchora hakujua. Hata kuku asingeweza kumchora akatambulika. Alichokuwa nacho ni rangi alizowahi kuombwa, miaka arobaini na moja ya rangi za watu. Kuna mjane aliyewahi kumletea mfuko wa shati la marehemu mumewe, akitaka chumba chake cha kulala kiwe vile vile. Kuna fundi saa aliyetaka rangi ya ndani ya kisanduku alichopewa na bibi yake, na kisanduku chenyewe kilikuwa kimeibwa, akawa anaieleza kwa mdomo, siku tatu mfululizo, mpaka akaiona juu ya ubao akanyamaza. Mambo hayo hayakuwa yameandikwa popote. Jicho aliyapaka, moja kwa kila hadibodi, mapana, yakipandana na kukwepana, bila mtu wala mti wala nyumba ndani yake.

Mkewe alikuja ghalani mara moja kumletea chai. Alisimama mlangoni na chupa mkononi.

"Baba watoto, hiki ni nini?"

"Si kitu."

"Naona si kitu. Nauliza kwa nini si kitu kikubwa hivi."

"Mama, weka chai uende."

"Nenda mwenyewe. Mimi nimeolewa na mfanyabiashara, sasa naona nimebaki na mtoto wa chekechea." Akacheka, kwa wema kabisa, jioni akamsimulia mwanawe, naye akacheka, na mkwe, mke wa mwana, akacheka jikoni. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Lakini mtu mzima akichekwa kwa jambo ambalo hata yeye hajalipa jina, huliingiza ndani ya kifua na kulifungia mlango. Kwa hiyo mwanawe alipopita siku nyingine kuangalia paa la ghala, akauliza, "Baba, mbao zote hizi vipi?" Jicho alijibu bila kugeuka:

"Za kujaribia tu."

Maneno matatu. Wapo walioharibikiwa kwa machache zaidi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mbao zote zilipokwisha kupakwa, kumi na moja kwa jumla, akaja mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha sanaa kwenye chuo cha ualimu, mwenye mkoba uliojaa makaratasi na viatu vya kutembea. Alikuwa akitafuta rangi ya mafuta ya zamani, ile nzito, na muuza makava akamwelekeza nyuma. Jicho alimpa kiti, jambo ambalo yule mama alionekana hakulitarajia, akamwacha atafute kwenye madebe. Hakutafuta. Alikuwa amesimama mbele ya hadibodi ya fundi saa.

"Hii ni kazi ya nani, mzee wangu?"

"Mbao za kujaribia hizo."

"Hapana," alisema yule mwalimu, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. "Anayejaribu hurudia. Hapa hakuna kilichorudiwa. Nimekuuliza ni ya nani."

Jicho alihisi masikio yake yakipata joto. "Yangu."

Mwalimu alikaa saa mbili. Hakuuliza hata mara moja huu ni mchoro wa nini. Aliuliza kwa nini kijani ile imeishia pale, na kwa nini pembe ya kushoto imeachwa wazi, na Jicho akajibu, akashangaa kwamba ana majibu. Tangu alipofunga duka la pili hakuwahi kuulizwa jambo analolijua. Mwishoni yule mwalimu alisema chuo kina ukumbi, na kila mwaka huning'iniza humo kazi za watu kwa majuma mawili, na kwamba anazitaka zote kumi na moja. Angekuja na gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Watu watakuja kuangalia?" Jicho aliuliza.

"Watakuja. Wengine watacheka."

"Hao ninao nyumbani."

Mwalimu alicheka, kisha akanyoosha kidole kwenye ubao mmoja. "Buluu hii kali hivi, umekusudia?"

"Buluu ipi?"

Akaionyesha. Jicho aliiangalia. Kwake pale palikuwa na kijivu, kijivu cha majivu ya jana. Kesho yake alikwenda zahanati, na muuguzi akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa jinsi ugonjwa ulivyokomaa, una miaka. Miaka. Jicho alikaa kwenye benchi la nje akikumbuka makopo yaliyorudishwa, moja baada ya jingine, na watu aliowaambia kuwa hawajui rangi.

Nafasi ya upasuaji ikatokea kwenye hospitali ya mkoa, Jumanne ya juma lile lile la mwisho wa mwezi. Wangeanza na jicho la kulia. Angerudi Ijumaa. Aliona ni bahati: mbao zitapelekwa akiwa anaona. Hakumwambia mtu yeyote nyumbani habari za ukumbi. Alitaka wasikie kwa watu wengine kwanza, wakiwa wamechelewa kucheka. Alimpa mwanawe ufunguo wa ghala, akamwambia auweke tu.

Sasa nyumba ya Jicho, sebuleni, ilikuwa na dari ya aibu. Ilikuwa imelegea katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na pembeni ina madoa ya mvua za miaka. Mkewe alikuwa ameisemea mpaka akachoka. "Kinyozi hajinyoi," alikuwa akiwaambia wageni, "lakini wangu hata wembe kautupa." Jicho alipoondoka na mkewe kwenda hospitali, mwanawe alikaa chini ya dari ile akawaza, na wazo lake lilikuwa zuri. Ndilo linaloudhi katika habari hii: hakuna mwovu wa kumtukana. Alitaka baba yake akirudi na jicho jipya, kitu cha kwanza kukiona nyumbani kiwe dari mpya.

Alimwita fundi dari waliyemwita Futi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila futi kamba kiunoni, hata misibani. Futi alipima, akasema zinahitajika mbao kumi, na kumi na moja kama kuna za kuharibika.

"Ghalani zipo," mwana akasema. "Zimepakwapakwa rangi, za kujaribia."

"Upande mmoja au miwili?"

"Mmoja."

"Basi kazi imekwisha. Uchafu tunauelekeza juu."

Ijumaa saa nane mchana Jicho aliingia nyumbani kwake, jicho la kulia limefunuliwa asubuhi ile, la kushoto likiwa bado na ukungu wake. Mwanawe alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti chake. "Sasa tazama juu, baba."

Akatazama. Ilikuwa nyeupe. Hakuwa ameona nyeupe ya namna ile kwa miaka kumi na tano labda, nyeupe isiyo na chai ndani yake. Machozi yalimtoka, ingawa daktari alikuwa amemwambia asilitaabishe jicho. Mkewe alipiga vigelegele viwili akanyamaza. Mkwe alileta maji.

"Nani kapaka?"

"Futi. Rangi ya mashine lakini, usikasirike."

"Sikasiriki, mwanangu. Imekaa. Mbao mmepata wapi?"

"Si zile zako za ghalani? Umetufundisha mwenyewe, ubao wa kujaribia hautupwi."

 Jicho alinyanyuka, akashika ukuta, akatoka. Walidhani anakwenda msalani. Alikwenda ghalani, mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima, na ghala lilikuwa limefagiwa vizuri. Madebe yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. Ukutani, zilipokuwa zimeegemea mbao, ilibaki mistari ya vumbi.

Aliporudi Futi alikuwa ameshaitwa, maana mkewe aliona uso aliotoka nao. Fundi alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi.

"Mzee, shikamoo. Nasikia pana neno."

"Marahaba. Zinatoka?"

"Nini?"

"Mbao. Zinatoka nzima?"

Futi alitazama juu, akahesabu kwa midomo. "Mzee wangu, nisikudanganye. Nimezikata futi mbili mbili ili zisilegee kama zile za kwanza. Nyingine nimezichonga za pembeni. Msumari kila inchi sita, na gundi kwenye viungo. Hadibodi ya zamani hii, ukiivuta inabomoka kama biskuti."

"Lakini baba, si ulisema mwenyewe?" mwana alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ya mtoto. "Nilikuuliza. Nilisimama pale pale nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Sasa kama zilikuwa kitu kingine..."

"Sikusema kitu kingine."

Mkewe, ambaye siku tatu alilala kwenye kiti cha hospitali akishika mkono wake, alikuwa na hasira ya mtu asiyeelewa. "Mtoto kakutengenezea nyumba. Kama ni shukrani ya punda, tuambie tujue. Au tubomoe? Futi, bomoa. Bomoa turudi kwenye tumbo la ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Futi alishika nyundo yake bila kuinyanyua, akimtazama Jicho, na mwana naye akimtazama, na mkwe amesimama mlangoni na bilauri. Wote wangekubali neno lolote ambalo angelisema. Jicho aliona hivyo kwa lile jicho jipya: aliona jinsi mwanawe alivyoanza mvi juu ya masikio, jambo ambalo hakuwa amelijua.

"Dari ni nzuri," akasema. "Acheni."

Jumamosi saa tatu mwalimu, akiwa ameelekezwa na muuza makava, alikuja nyumbani na gari la chuo na dereva, na mablanketi ya kufunikia mbao. Jicho alikuwa akimngojea barazani tangu asubuhi na mapema. Alimweleza kwa maneno machache. Mwalimu hakusema pole wala hakuuliza maswali. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akainua uso kutazama ule weupe, na kwa muda mrefu mke na mkwe walimtazama mgeni anayetazama dari kana kwamba kumeandikwa kitu.

"Kumbe ni za thamani?" mke aliuliza, polepole, sauti imebadilika.

"Sijui thamani yake, mama. Nilitaka watu wazione."

Mke alikaa. Alivuta ncha ya mtandio wake akaukunja na kuukunjua. "Mimi nilisema chekechea," akasema, si kwa mtu yeyote.

Kule ukumbini nafasi ya ukuta ule ilijazwa na kazi za wanafunzi, vyungu na picha za wanyama. Jicho hakwenda. Jicho lake la kushoto alikataa kupasuliwa, akasema moja linatosha kwa aliyobakiwa nayo, na ghala likaenda kwa muuza makava pamoja na madebe, naye akayamwaga. Watu waliompitia barazani walisema mzee amepumzika. Siku hizi mtu akiishiwa na la kufanya huambiwa amepumzika. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile, kabla mwalimu hajaondoka, Futi, aliyekuja kuchukua ngazi yake, alikumbuka kwamba ameacha mlango wa dari koridoni, kipande cha kusukuma tu, kwa ajili ya mafundi umeme. Ngazi ilikuwa bado uani.

Jicho alipanda mwenyewe. Mwalimu alishika ngazi, mwana alishika ngazi, ingawa mmoja angetosha. Alikisukuma kile kipande, akaingiza kichwa na mabega, akawasha tochi.

Palikuwa na joto na harufu ya bati. Mbao zilikuwa zimelala uso juu, zimepangwa vipande vipande bila mpango, cha huku kimeshonwa na cha kule, na katikati yake zinapita nyaya na mbao za kenchi za paa. Vumbi la msumeno lilikuwa juu ya kila kitu. Alilipuliza lililo karibu. Alitafuta ubao alioupaka mwezi uliopita, ule mwalimu alioulizia buluu yake, wa anga la baada ya mvua, kijivu juu ya kijivu, alioupenda kuliko zote. Alimulika kote na hakuuona. Alichokiona, karibu na mkono wake, ni buluu ya ndoo ya plastiki, imegongana na zambarau inayopiga kelele, na ukingoni palikuwa na alama ya kidole chake gumba.

Alifumba jicho la kulia. Taratibu, kupitia ukungu wa lile la kushoto, kijivu kikarudi, na mvua, na lile anga. Alifumba la kushoto, vikaondoka. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mzee," mwalimu aliita kutoka chini. "Zikoje?"

 Jicho hakujua kama alichokuwa akikitazama ni kazi ya mtu au ni ugonjwa wake, na mwalimu, aliyeweza kumwambia, hakuweza kupita kwenye tundu lile mpaka yeye atoke, na akitoka hakutaka kuambiwa.

"Ni mbao tu," akasema.

Alizima tochi, akakirudisha kile kipande mahali pake, akakisukuma kwa kiganja mpaka kikakaa sawasawa na dari, akashuka ngazi moja moja.